Ushuru wa Mwenye Shamba Aliye Ng'ambo

Wazee wa Belgut na Bureti waliozaliwa kabla ya Vita vya Pili walikuwa wakisimulia jinsi baba zao walivyohesabiwa vibanda: akaja karani pamoja na askari, akayatazama mapaa yaliyofuka moshi, akaandika daftarini, na kwa kila kibanda akadai rupia, na asiyekuwa na rupia alitoa mbuzi au alikwenda kuitafuta kwa kibarua. Tangu zama hizo serikali zimepita, rupia imekuwa shilingi, ushuru wa mapato ukaingia mwaka 1937, Mamlaka ya Ushuru ambayo sote twaijua kwa herufi zake tatu, KRA, ikaundwa tarehe 1 Julai 1995, na daftari la karani likageuka kuwa mtambo uitwao iTax. Walakini swali la kwanza aulizwalo mlipa ushuru, hata akiwa Manchester au Minneapolis, lingali lile la yule karani wa vibanda: una nyumba wapi, na umelala humo lini?

Naandika haya kwa ajili ya watoto wetu walio ng'ambo, wauguzi wa hospitali za Uingereza, watunzaji wa wazee wa Marekani, madereva wa malori, wanariadha ambao miguu imewatoa Kericho na Bomet ikawafikisha kila bara, na mabinti walio katika nyumba za watu Riyadh na Doha, ambao aghalabu huku nyuma wameacha ekari mbili tatu za majani chai, au vyumba vya kupangisha pale Litein, au angalau nambari ya PIN waliyoichukua siku za chuo na kuisahau. Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda kimoja cha chai kwa miaka mingi, na tangu nistaafu sina kazi nyingine kubwa kuliko kusomewa simu za vijana hawa kila mwezi wa Juni. Kabla sijaenda mbali, niseme neno moja juu ya lugha: kwetu Kenya "kodi" ni ya serikali na "kodi" pia ni ile alipwayo mwenye nyumba, basi ili nisimchanganye msomaji nitasema "ushuru" kwa ile ya serikali, na "ijara" kwa ile ya mpangaji, na taarifa ya mwaka nitaiita ritani, maana ndivyo iitwavyo katika kila saiba kutoka Kapkatet hadi Sotik.

Kwanza niwatoe hofu wale wasioistahili. Fedha uitumayo nyumbani kutoka mshahara wako, iwe ya karo, ya matibabu ya mama, au ya kumalizia paa, si pato la yule aipokeaye, wala haitozwi ushuru wa mapato kwa kuwa imevuka mpaka. Na kwa hesabu ya Benki Kuu, fedha za namna hiyo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, basi kama zingekuwa zinatozwa, kelele zake zingesikika hadi Mau. Wala pasipoti haina neno hapa. Tangu Katiba ya 2010 Mkenya aweza kuwa na uraia wa nchi mbili, na wako wadhanio kwamba aliyepata uraia wa Marekani amejivua ritani ya Kenya, na wako wadhanio kinyume chake, kwamba Mkenya ni Mkenya na hulipa popote alipo. Wote wamekosea. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, ianzapo kumpima mtu haimwulizi uraia, yauliza ukaazi.

Na ukaazi, kwa mtu binafsi, hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mwenye makao ya kudumu nchini: huyo akikanyaga ardhi ya Kenya kwa muda wowote ule katika mwaka wa hesabu, ingawa ni juma moja la Krismasi, amehesabiwa mkaazi kwa mwaka ule. Ya pili ni ya asiyekuwa na makao: huyo huwa mkaazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, ama ikiwa katika mwaka ule na miwili iliyoutangulia wastani wa siku zake nchini umepita 122 kwa mwaka. Mwaka wenyewe ni wa Januari hadi Desemba. Basi muuguzi aliyejenga nyumba ya mawe kule Kapkatet, ambaye ufunguo wake uko kwa shangazi na ndani mna kitanda chake, akija kuzika mjomba Machi na kurudi baada ya siku tisa, ni mkaazi wa mwaka huo. Na mwaka ufuatao asipopata likizo wala asitue Nairobi hata mara moja, si mkaazi, ijapokuwa nyumba ingali imesimama na shangazi anaifagia. Nimeona watu wakishangaa kusikia kwamba hali yao yaweza kugeuka mwaka hadi mwaka, kama kwamba ukaazi ni kabila. Ilhali ni hesabu ya siku tu na ya paa, na kwa hiyo nawasihi wahifadhi mihuri ya pasipoti na tikiti za ndege kama wanavyohifadhi hati za shamba.

Mwenye kuuliza je chumba nilichoachiwa katika boma la baba ni makao ya kudumu, swali lake ni zuri na jibu lake halimo katika makala ya mzee. Ikiwa fedha zilizomo ni nyingi, na aandike kwa Kamishna kuomba uamuzi wa maandishi juu ya hali yake, jambo ambalo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inalipa nafasi; akipata karatasi hiyo amelala usingizi.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu mlango utakaouingia ndani ya iTax ni huo huo: kuna ritani ya mkaazi na kuna ritani ya asiye mkaazi, na tofauti baina yao si ya jina tu. Chukua vyumba vitatu vya kupangisha Litein, kila kimoja shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwenye kuvimiliki akiwa mkaazi, na ijara yake ya mwaka ikiwa baina ya shilingi 288,000 na milioni 15, hulipa ushuru wa ijara za makazi kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya ijara yote bila kutoa gharama, na hulipwa si baada ya tarehe 20 ya mwezi ufuatao. Katika mfano wetu ni shilingi 2,250 kwa mwezi. Akiwa si mkaazi, sheria yataka akatwe asilimia 30 ya ijara yote, nayo ni shilingi 9,000 kwa mwezi kutoka vyumba vile vile, vyenye mabati yale yale. Aliye mkaazi, vilevile, hupewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka katika ushuru wake. Asiye mkaazi haipati. Na yule alipaye ushuru wa ijara kila mwezi asidhani amemaliza, kwani ritani ya Juni ingali inamngoja. Ijara ile haitatozwa mara ya pili, lakini mtu mwenyewe hana budi kujieleza.

Haya yakimfikia mwenye vyumba, hupiga moyo konde akasema: basi na niwe mkaazi kila mwaka, nije hata siku mbili. Taratibu. Ukaazi una upande wa pili wa shilingi, kwani mshahara wa mkaazi, hata kama kazi imefanyika nje ya Kenya, umo mikononi mwa sheria hii. Kwa aliye Uingereza jambo hili aghalabu halina kishindo, maana raia wa Kenya aliyekwisha kukatwa ushuru wa mshahara ugenini huruhusiwa kuuhesabu dhidi ya ule anaodaiwa hapa, na Uingereza, Kanada na Ujerumani zina mapatano na Kenya ya kuzuia mtu asitozwe mara mbili. Marekani haina mapatano hayo, lakini nafuu ya raia ingalipo. Sharti ni ushahidi: fomu ya P60 ya Uingereza, W-2 ya Marekani, na zote zipigwe picha ziwekwe.

Wa Ghuba ndio ninaowahurumia zaidi. Saudia, Qatar na Imarati hazikati ushuru wa mshahara, kwa hiyo binti wa Chepalungu aliyefanya kazi Riyadh hana ushuru alioulipa kule wa kuhesabiwa dhidi ya wa huku. Mkataba wake kwa kawaida ni wa miaka miwili; mwaka aliouishi kule mzima bila kutua Kenya, si mkaazi, na mshahara wake wa Saudia hauhusiki na Nairobi. Ni ule mwaka wa kurudi, iwapo amekwisha kujijengea nyumba, au akirudi mapema hata siku zake nchini zikafika 183, ndio wenye maswali. Na aulize mapema, akiwa na pesa mkononi, kabla hazijageuka ng'ombe na mabati.

Sasa nije kwenye chai yenyewe, maana hapa ndipo penye ugomvi wa majumbani, na ndipo nijuapo zaidi. Mwenye shamba dogo la chai anajulikana kiwandani kwa nambari ya mkulima: majani yakipimwa pale kituoni huandikwa kwa nambari hiyo, malipo ya mwezi huingia akaunti ya mwenye nambari, na ile bonasi ya Oktoba, ambayo huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikipungukiwa sana na ile ya wenzetu wa mashariki hata watu wakang'oa michai, huingia hapo hapo. Basi swali la ushuru si nani alituma mbolea, wala nani alikula bonasi. Huanza na jina. Ikiwa shamba halijagawanywa na nambari ni ya mzee, pato ni la mzee, nawe uliyetuma fedha za palizi kutoka Leicester umemsaidia baba yako tu, huna la kuandika. Ikiwa ulinunua ekari mbili Konoin kwa jina lako, ukapata nambari, na ndugu yako ndiye asimamiaye na kulipwa kupitia akaunti yako ambayo yeye ana kadi yake, pato ni lako hata kama hukuonja senti, na ikiwa ndugu amelinywea lote, hilo ni la baraza la ukoo, si la Kamishna.

La tatu ndilo baya: shamba ni lako, nambari ni ya ndugu, na hakuna karatasi baina yenu. Mwaka wa amani kila mtu hunyamaza. Mwaka wa mzozo ndugu husema shamba ni langu, tazameni nambari, nawe huna ritani hata moja ya kuonyesha kwamba uliwahi kulihesabu lako. Nimeliona hili katika nyumba ya jamaa yangu wa karibu, na kesi ilipokwisha walikuwa wamelipa mawakili kuliko bei ya michai. Ushauri wangu ni kwamba mwandikiane ijara, japo ya ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi: ndugu anakodi ekari mbili kwa kiasi fulani kwa mwaka; majani na gharama zake ni vyake, nawe pato lako ni ile ijara. Ijara hiyo ni ya shamba, si ya makazi, kwa hiyo asilimia 7.5 niliyoitaja juu haihusiki nayo. Kwa mkaazi huingia katika ritani ya mwaka pamoja na mapato mengine, na kwa asiye mkaazi ile asilimia 30 ingali inamfuata.

Na anayehesabu majani mwenyewe, asiandike mapato akasahau gharama. Tuseme shamba limetoa kilo 8,000, ukalipwa shilingi 25 kwa kilo mwezi kwa mwezi na 15 za bonasi, jumla 320,000. Wachunaji wamechukua shilingi 10 kwa kilo, yaani 80,000. Mbolea iliyokatwa kiwandani ni 40,000. Limebaki pato la 200,000, na kwa kuwa shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ushuru ni 20,000. Mkaazi, kwa nafuu yake ya 28,800, halipi kitu, na asiye mkaazi hulipa hizo 20,000 zote. Hesabu hii yote hutoka katika karatasi za malipo za kiwanda, na mwaka wa kiwanda, ambao huisha Juni, usikuchanganye: mimi huhesabu fedha kwa mwaka zilipoingia, bonasi ya Oktoba 2025 nikiitia katika mwaka 2025. Faida ya hisa za kiwanda na za chama cha akiba na mikopo hukatwa kabla ya kukufikia, asilimia 5 kwa mkaazi na 15 kwa asiye mkaazi, nayo yamekwisha.

Ama iTax yenyewe, kazi yake si ngumu kama mlango wake. Wengi walichukuliwa PIN na kijana wa saiba aliyeweka barua pepe yake mwenyewe kwa kuwa mteja hakuwa na ya kwake. Kijana yule ameolea Nakuru, saiba imekuwa duka la simu, na nywila mpya ikiombwa yaenda kwenye sanduku asilolifungua mtu. Jambo hili litengenezwe Januari, si Juni. Mamlaka itataka uthibitisho kwamba wewe ndiwe wewe kabla ya kubadili anwani, na ukiwa likizoni, nusu siku katika kituo cha Huduma cha Kericho au cha Bomet itakuokoa miezi ya kuandikiana. Wala usimpe mtu nywila yako kwa WhatsApp, hata akiwa mpwa wako mpendwa. Kama ni lazima ajaze yeye, ukae naye kwenye simu, usome kila namba kabla hajaituma.

Asiyekuwa na pato lolote huku hujaza sifuri, nayo huchukua dakika chache. Lakini sifuri nayo ni kauli, tena ya kuandikwa; mwenye vyumba Litein akiandika sifuri hajakwepa ritani, amesema uongo kwa saini yake. Asiyejaza kabisa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, iliyo kubwa ndiyo ishikwayo, na hutozwa kwa kila mwaka, kwa hiyo aliyeondoka 2019 akaisahau PIN yake atarudi kuikuta imezaa. Ushuru usiolipwa kwa wakati huongezewa asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Serikali ilipata kusamehe faini na riba za nyuma, kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 2024 na tena hadi Juni 2025, na wako waliofutiwa malimbikizo ya miaka. Milango hiyo imefungwa, na si busara kujenga hesabu zako juu ya msamaha usiotangazwa.

Usisahau pia mwenyeji wako. Uingereza humtoza mkaazi wake kwa mapato ya dunia nzima, pamoja na ijara ya Litein na chai ya Konoin; mwaka wake ni wa 6 Aprili hadi 5 Aprili, na anayetakiwa kujaza kwa mtandao huwa na muda hadi 31 Januari. Marekani humfuata raia wake na mwenye kadi ya kijani vivyo hivyo, siku yake ni 15 Aprili, na juu ya hayo hutaka kuambiwa habari za akaunti za nje ambazo jumla yake imepita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata kama hazikuzaa riba. Akaunti ya chama cha akiba huku kwetu ni akaunti, na faini zake huko si za shilingi. Ritani ya Kenya na risiti yake ndizo zitakazokusaidia kule kueleza fedha ilitoka wapi.

Mwisho wa kujaza hapa ni usiku wa manane wa tarehe 30 Juni, saa za Nairobi, ambayo ni saa nne za usiku London, na saa kumi za alasiri Minneapolis. Mpwa wangu aliyeko huko alinipigia siku hiyo saa tisa za kwao, akiwa zamu, mtandao umejaa watu na ukurasa unazunguka tu, akaniuliza, "Mjomba, sasa nifanyeje?" Nikamwambia aendelee kujaribu, na mwaka ujao anipigie Machi. Risiti ilitoka dakika ishirini kabla ya saa kumi. Nimeichapisha, imo katika bahasha moja na karatasi zake za kiwanda, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu.